Kilomita Zile Zile, Saa Tofauti

Mwaka 1983 shirika la Finnair la Ufini lilianza kurusha ndege moja kwa moja kutoka Helsinki hadi Tokyo, na safari ilichukua kama saa 13. Baadaye ikapungua hadi saa 9 na nusu hivi. Tangu Machi 2022 imerudi kwenye saa 13. Katika miaka hiyo yote miji hiyo haikusogea hata hatua moja: kwa njia ya mkato ni kilomita 7,800 hivi, jana na leo. Tumezoea kudhani kwamba aliyejua kilomita amejua na muda. Safari hii inaonyesha kwamba muda wa kufika mbali unategemea pia maelewano ya mataifa yaliyo njiani.

Ukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia kutoka Helsinki hadi Tokyo, utapita juu ya Urusi karibu njia nzima. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake, na Muungano wa Kisovieti uliibana sana njia ya Siberia. Ndiyo maana ndege ya 1983 ilizunguka kupitia Ncha ya Kaskazini. Njia ya Siberia ilipofunguliwa, safari ikawa fupi. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulizifungia anga ndege za Kirusi, Urusi nayo ikajibu vivyo hivyo, na marubani wa Ufini wakarudi kwenye njia ya Ncha.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia ndiyo inayofupisha safari. Lakini ndege ya 1983 ilikuwa DC-10, na ya leo ni Airbus A350, iliyoundwa miongo kadhaa baadaye na inayotumia mafuta kidogo zaidi. Kwenye mzunguko ule, saa zimebaki 13. Wengine watautaja upepo, na kweli una nguvu: Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hupita saa 6. Hata hivyo upepo ule ulivuma ukapita. Anga lililofungwa huongeza saa tatu na zaidi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ushahidi ulio wazi zaidi ni mashirika ya China, ambayo bado yanapita juu ya Siberia: kati ya miji ile ile ya Ulaya na China, ndege yao hutangulia kufika kuliko ya Ulaya inayolazimika kuzunguka.

Ni kweli kwamba nchi ina haki ya kufunga anga lake, na usalama wa abiria ni mkubwa kuliko haraka yao. Haki hiyo siipingi. Ninachosema ni kwamba ina gharama, na gharama hiyo ihesabiwe waziwazi: mafuta yanayochomwa bure, marubani wa ziada, nauli inayopanda, moshi unaoongezeka. Tunapoorodhesha hasara za vita, saa hizo nazo ziandikwe. Amani nayo ni njia ya mkato: iliwahi kuileta Tokyo karibu na Helsinki kwa saa tatu na nusu, bila injini mpya.