Kutu Yenye Heshima

Ukiendesha kombi ya Volkswagen ya miaka ya sitini katika barabara za Ujerumani, Uingereza au California, si adabu kumpita mwenzako kimya. Akitokea mbele na kombi yake, unainua mkono au unamulika taa, naye anajibu. Asiyejibu husemwa, na kinachosemwa ni kwamba bila shaka ameikodi. Salamu hiyo haichagui. Tajiri aliyenunua gari lake mnadani na kijana anayelala ndani ya lake hupungiana mkono sawasawa, ingawa usawa wao aghalabu huishia hapo hapo barabarani.

Afrika Mashariki kombi si ngeni. Waliokua miaka ya sabini na themanini wanazikumbuka zile za watalii, zilizotobolewa paa ili mgeni asimame amtazame simba bila kushuka. Zilikuwa gari za kazi, na zilipochoka zilichinjwa, spea zikaendelea na safari katika magari mengine. Mtu aliyezizoea hivyo atashangaa kusikia kwamba Ulaya na Marekani gari lile lile lina ukoo wake, lina wazee wake, lina miko na sherehe, na lina watu wanaotumia likizo zao za mwaka wamelala chini ya uvungu wake na spana mkononi.

Asili yake ni ya unyenyekevu kabisa. Baada ya vita kuu ya pili, kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza, na wafanyakazi walikuwa wameunda kitoroli cha injini cha kubebea vipuri humo ndani, wakitumia sehemu za ile gari ndogo ya mviringo tunayoiita kobe. Ben Pon, mfanyabiashara wa magari kutoka Uholanzi, alikiona. Tarehe 23 Aprili 1947 akachora katika daftari lake sanduku lenye magurudumu, dereva akiwa mbele kabisa na injini nyuma kabisa, mzigo ukikaa katikati. Machi 1950 gari lenyewe likaanza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka 1956 kazi ikahamia kiwanda kipya cha Hanover. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Dereva hana boneti mbele yake. Kati ya magoti yake na gari linalokuja pana bati moja. Wenyewe hutania kwamba bampa la kombi ni miguu ya dereva, kisha hucheka kicheko cha watu wanaojua kwamba si utani.

Kilichozaa jamii hii ni ukata. Mwishoni mwa miaka ya sitini kombi zilizotumika zilikuwa za bei ya chini Marekani, zikanunuliwa na wasafiri, wachezaji wa mawimbi, wanamuziki na vijana waliokuwa wamegombana na wazee wao. Fedha ya fundi hawakuwa nayo. Mwaka 1969 mhandisi John Muir, aliyekuwa ameacha ajira na kwenda kuishi New Mexico, alitoa kitabu cha kumfundisha mtu asiyejua lolote kukarabati Volkswagen yake mwenyewe, kikiwa na michoro ya Peter Aschwanden. Alilizungumzia gari kama mtu anayezungumzia mfugo: lisikilize, linuse, jua lini linaumwa. Kitabu hicho kimekuwa zawadi ya jando. Mwenye kombi mpya hukabidhiwa na mkongwe nakala yenye alama za vidole vya grisi, na kadiri ilivyochafuka ndivyo inavyothaminiwa.

Hapo ndipo ilipotoka mila ya kwanza: gari lako unalihudumia mwenyewe. Kila baada ya maili 3,000, yaani karibu kilomita 4,800, mwenyewe hurekebisha tapeti. Kazi hiyo hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, kwa kawaida alfajiri baada ya gari kulala, kwa kibati chembamba cha kupimia nafasi ya milimita 0.15. Injini hii haina maji. Hupozwa kwa upepo wa feni. Katika zile za zamani kipozeo cha oili kilisimama katikati ya njia ya upepo unaokwenda silinda ya tatu, kwa hiyo silinda hiyo hupata joto kuliko wenzake na vali yake ya kutolea moshi ndiyo hufa mapema. Muulize mwenye kombi kuhusu silinda ya tatu, utaona uso wake unavyobadilika. Atakusimulia mlima, mwezi wa joto, na sauti aliyoisikia.

Mila ya pili ni ya hofu. Mpira wa petroli uliozeeka hupasuka, petroli ikadondokea injini yenye moto, na kwa kuwa kizimba cha injini kimetengenezwa kwa aloi ya magnesi, ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe ambao maji huuchochea. Ndiyo maana mkongwe akikutembelea kuona kombi uliyonunua jana, hatasifia rangi. Atafungua mfuniko wa nyuma aipapase mipira. Akiona imekauka, safari yako imeahirishwa, na haisaidii kumwambia kwamba umekuja nayo vizuri kutoka mji wa jirani. Mtungi wa kuzimia moto hukaa karibu na dereva, na kuendesha bila mtungi ni utovu wa adabu kwa abiria.

Kwa kuwa magari haya hukwama, watu wake wamejenga desturi ya kukwamuana. Kumekuwa na orodha za watu waliojitolea, mji kwa mji, ambao ukiwapigia simu usiku watakuja na kamba ya kuvutia, kipande cha mkanda wa feni au angalau kahawa. Malipo hayatajwi. Unachodaiwa ni kumfanyia mwingine hivyo hivyo siku nyingine, na deni hilo hulipwa hata kama aliyekusaidia hutamwona tena.

Wakikutana, hukutana uwanjani. Huko Hessisch Oldendorf, mji mdogo usio mbali na Hanover, Volkswagen za kale hujaza mitaa kila baada ya miaka kadhaa. Lake Havasu, Arizona, kombi hukusanyika kila Januari kando ya Daraja la London. Naam, daraja lenyewe, lililonunuliwa na Wamarekani, likabomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya jangwani mwaka 1971. Nchi iliyohamisha daraja haiwezi kuona ajabu watu kuhifadhi gari. Uwanjani kombi hupangwa milango ya ubavuni ikitazamana, na kila familia hupika na kugawia jirani. Pembeni huwa na gulio la spea: mtu amekuja na taa mbili za nyuma, anaondoka na usukani. Kila gari lina jina, mara nyingi la kike au la rangi yake. Januari 2025, moto mkubwa ulipoteketeza nyumba za Malibu, picha ya kombi ya buluu na nyeupe iliyosalia nzima kati ya majivu ilizunguka dunia nzima. Mwenyewe alikuwa akiiita Azul. Watu wa kombi hawakuhitaji kuelezwa kwa nini gari lina jina.

Lakini ugomvi wao mkubwa, na ndio ulionivuta kuandika, ni juu ya maana ya kukarabati.

Kombi huoza kuanzia chini. Maji huingia kwenye mifereji ya paa na raba za madirisha, hushuka ndani ya kuta, hutuama kwenye vizingiti vya milango, kisha hula sakafu ya mizigo na mihimili inayoishikilia. Sahani ya betri hutoboka kwa asidi. Usoni, chini ya kioo, tope hupenya hadi bati likawa kama mkate uliolowa chai. Fundi halisi hukata bati bovu lote, huchomelea jipya, kisha ndipo huwaza rangi. Fundi wa haraka hupiga puti. Kwa hiyo mnunuzi aliyefundwa hutembea na sumaku mfukoni: mahali isiponata, chini yake hakuna bati.

Hadi hapo hakuna mabishano. Mabishano huanza bati likishapona. Wapo wanaotaka gari ling'ae kuliko lilivyotoka kiwandani. Na wapo wengine, siku hizi wengi, wanaoamini kwamba rangi ya awali isiguswe hata ikiwa imefifia, imechubuka na kuota kutu ya juu juu. Wao huosha, husugua taratibu, hupaka mafuta ya kuzuia kutu, basi. Wanachokitafuta zaidi ni kombi iliyokuwa ya duka la mikate, ya fundi bomba au ya zimamoto ya kijiji, ambayo chini ya rangi ya pili bado ina maandishi ya mwenye biashara. Mtu huweza kukesha na msasa wa maji, akifuta tabaka kidogo kidogo hadi herufi zijitokeze. Zikijitokeza huwaita wenzake kutazama. Jina la muuza maziwa aliyekufa zamani hubaki ubavuni, na hakuna atakayethubutu kulifuta.

Mimi niko upande huu wa pili, na sababu yangu inaitwa Esau Jenkins. Alikuwa mkulima na mfanyabiashara Mweusi wa Johns Island, South Carolina. Tangu miaka ya arobaini aliwapeleka watu wa kisiwa chake Charleston kwa basi, na njiani aliwafundisha kusoma vifungu vya katiba ambavyo sheria za ubaguzi ziliwataka wavisome kabla ya kuandikishwa kupiga kura. Mwaka 1957 yeye na wenzake, akiwemo Septima Clark, wakaanzisha shule ya uraia kisiwani humo. Baadaye alikuwa na kombi ya Volkswagen ya mwaka 1966, na nyuma yake aliandikisha maneno ya kusema kwamba upendo ni maendeleo na chuki ni gharama. Alifariki mwaka 1972. Gari likabaki likila mvua na jua kwa miongo kadhaa. Mlango wake wa nyuma sasa umo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia na Utamaduni wa Waafrika-Wamarekani, Washington, na maandishi yamebaki jinsi hali ya hewa ilivyoyaacha. Fikiria mtu angelipiga msasa na kulipaka rangi safi. Lingekuwa zuri, na lisingekuwa la Jenkins.

Soko, hata hivyo, hupenda ming'ao. Kuna toleo liitwalo Samba, lililotoka mwaka 1951, lenye paa la turubai na madirisha madogo juu ili watalii waone vilele vya Alpi. Lilikuwa na madirisha 23, na tangu 1963 likabaki na 21. Mwaka 2011 moja la 1963 liliuzwa kwenye mnada wa Barrett-Jackson huko California kwa dola 217,800. Fedha ya namna hiyo haikosi kuleta werevu wa mjini. Watu walianza kukata matundu kwenye kombi za kawaida, wakitia vioo na kuziuza kama Samba. Ndipo elimu ya vibati ikapanda bei: ndani ya gari kuna kibati chenye namba za kiwandani zinazotaja rangi, tarehe na aina ya bodi, na wapo wazee wanaokisoma kama kadhi anavyosoma hati ya ndoa. Kisipolingana na namba iliyogongwa karibu na injini, biashara imekufa. Ujerumani nayo ina hukumu yake: gari lililotimiza miaka 30 na kukaguliwa likaonekana karibu na asili yake hupewa namba yenye herufi H, na kodi ya takriban euro 191 kwa mwaka.

Bei hizo zimeifikia Brazil, na huko ndiko ninakoona uchungu. Kombi ilitengenezwa Brazil tangu 1957 hadi Desemba 2013, zaidi ya milioni moja na nusu, hadi sheria ya kulazimisha mifuko ya hewa na breki za ABS ilipoifungia mlango. Ile ya kioo cha mbele kilichogawanyika, ambayo Wabrazil huiita bundi mdogo, iliendelea kutengenezwa huko hadi 1975, miaka minane baada ya Wajerumani kuiacha. Iliuza matunda sokoni, ilibeba wanafunzi, ilihamisha vyombo vya ndoa. Sasa nyingi hununuliwa, hukarabatiwa na kupakiwa melini kwenda Ulaya na Marekani, na muuza matunda hawezi tena kushindana bei na mtu anayetaka gari la Jumapili.

Juu ya hayo umeingia umeme. Mwaka 2020 Volkswagen yenyewe ilionyesha kombi ya 1966 iliyong'olewa injini na kutiwa mota ya nguvu za farasi 83 na betri ya kilowati-saa 45. Baadhi ya wakongwe waliona ni kufuru. Sioni hivyo. Injini ya kombi imekuwa ikibadilishwa tangu zamani, na mwenye gari la mwaka 1958 lenye injini ya asili ni wa kutafutwa kwa tochi. Ninachokihofia ni kwamba mota haina tapeti. Mwenye nayo hana sababu ya kuamka alfajiri, wala ya kumpigia mtu simu kuuliza habari za silinda ya tatu, na jamii hii ilisukwa na maswali hayo.

Wanajua hivyo, nadhani, ndiyo maana uuzaji nao una utaratibu wake. Mzee anayeachana na kombi yake hatangazi bei kwanza. Humwita mnunuzi nyumbani, humpa chai, humwuliza atailaza wapi na kama ana banda. Humpeleka barabarani aone kama anasikia gia ikiingia au anailazimisha. Akiridhika hutoa sanduku: risiti zote, funguo za akiba, spea zilizofungwa kwenye magazeti ya kale, na kitabu cha Muir. Asiporidhika husema gari limeshapata mtu, na mwaka unaofuata bado liko bandani kwake.