Macho Mekundu



Mwezi huu twataka kunena juu ya moshi. Huenda mwalimu fulani akashangaa, akauliza, "Je, moshi nao ni somo la imani?" Katika nchi ya Shinyanga na Geita ni somo kubwa, kwa maana umewaponza akina bibi wengi hata wakauawa, wala si kwa kuwaziba pumzi.

Asubuhi moja tulipita katika mji wa Wasukuma, si mbali na njia iendayo Kahama, tukamkuta bibi mmoja ameinama mbele ya mafiga. "Mwangaluka, mayu," tukamwamkia. Naye akaitika pasipo kuinua kichwa, kwa kuwa alikuwa akipuliza moto. Kuni hazikuwapo. Alikuwa na samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, na moshi wake ulikuwa mzito, umeijaza nyumba yote. Alipotutazama tuliona macho yake ni mekundu, yanatoka machozi. Alikuwa akiwapikia uji wajukuu wanne, maana wazazi wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi. Kijana tuliyefuatana naye alinyamaza hata tulipofika njiani, ndipo aliponena kwa sauti ya chini, "Yule bibi watu wanamwogopa."

Wanamwogopa kwa nini? Kwa macho yake. Hakuna neno jingine.

Wenyeji wa Usukuma hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa miaka mingi bibi mwenye macho mekundu amehesabiwa kuwa mchawi, na wengi wamekatwa mapanga usiku kwa ajili hiyo. Hata Sungusungu, walioanza mapema katika miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, mahali pengine waligeuka wakawawinda wazee wao wenyewe. Lakini waganga wa macho wakiulizwa, hutoa jibu lisilo na siri: macho huwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na kwa ugonjwa wa vikope ambao huenea penye inzi na uhaba wa maji ya kunawa uso.

Na moshi huo umetoka wapi? Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa amri ya serikali ya Waingereza ili kumfukuza mbung'o. Kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba, na mifugo mingi ikala machipukizi yaliyobaki. Kuni zikawa mbali. Akina mama wakaanza kuchoma samadi na mabua, vitu vyenye moshi kuliko mti mkavu. Basi angalieni jinsi mambo yalivyofungamana: wanaume walikata miti, wanawake wakapika kwa samadi, macho yakawa mekundu, kisha wana wa wanaume wale wale wakasema, "Tumemwona mchawi." Mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye ngitili, yaani ile desturi ya wazee ya kutenga malisho na miti isiguswe kwa msimu. Sisi twamhesabu apandaye miti karibu na nyumba ya mama yake kuwa mtetezi wake, kama vile yule asimamaye mlangoni na rungu.

Kijana yule alikuwa amesoma Maandiko, akatuuliza kwa haki, "Je, Torati haikuagiza katika kitabu cha Kutoka kwamba mwanamke mchawi asiishi?" Swali hili walimu wengi huulizwa, tena wengine hulikwepa. Tukamwuliza nasi, "Nani aliyekuambia kuwa yule bibi ni mchawi?" Akasema, "Mfumu. Alipasua kuku akaona." Basi tukamfungulia Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, ambapo watu wa Mungu wamekatazwa kabisa kwenda kwa mpiga ramli, kisha sura ya 19, isemayo kwamba mtu hahukumiwi kwa neno la shahidi mmoja. Kuku si shahidi. Tena yeye atafutaye mchawi kwa ramli amekwisha kuivunja Torati kabla hajafika mlangoni pa bibi. Tukamkumbusha pia kwamba tu watu wa Injili, na kwamba katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Na Bwana akakataa swali lenyewe. Hakumtafuta mwenye hatia. Alitengeneza tope kwa mate, akampaka mtu yule machoni.

Kijana hakujibu. Hatukumlazimisha.

Lakini mfumu huyo huyo hufanya biashara na pande za Geita, katika nchi ya dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulifunguliwa mwaka 2000. Bali pande zote za Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu wachimbaji wadogo hushuka katika maduara yao kwa kamba, wakitegemea matimba yasivunjike. Ni kazi ya kiza na ya bahati. Mmoja hupata, na wenzake wengi hupanda juu mikono mitupu baada ya miezi. Mahali penye bahati namna hiyo mganga hakosi kiti.

Twaomba msomaji atazame hesabu ya mganga, maana ni rahisi. Huwapa dawa wachimbaji kumi, na kila mmoja hulipa. Tisa hawapati kitu. Hao huambiwa kwamba walivunja masharti, nao huona haya, hunyamaza. Mmoja hupata, kwa kuwa duara lake liliangukia mshipa; huyo hujenga nyumba ya bati, hununua pikipiki, na kila aonapo watu humsifu mganga. Hivyo mganga ana mhubiri mmoja mwenye sauti, na mashahidi tisa waliofungwa vinywa. Dhahabu yenyewe imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500,000,000. Ilikuwa mahali pake kabla ya mwanadamu kuumbwa, wala haisogei hata shubiri moja kwa hirizi.

Na hirizi hizo zimenunuliwa kwa damu. Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilisikia habari za watu wenye ualbino kuuawa katika mikoa ya kando ya Ziwa, kwa kuwa waganga waliwaambia watafutao mali kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi wa Septemba 2009, mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa ya Shinyanga, na tangu mwaka 2012 ni ya mkoa wa Geita. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto waliotolewa makwao ili wapate kuishi. Watoto hao wana baba na mama. Na hakuna siri katika rangi yao. Mtoto huzaliwa hivyo kwa kuwa amerithi upungufu wa rangi kutoka kwa wazazi wote wawili, ijapokuwa wao wenyewe ni weusi. Mume amshitakiye mkewe kwa sababu ya mtoto kama huyo, na ajue kwamba nusu ya jambo imetoka kwake. Mahitaji ya mtoto ni kofia pana, nguo ya mikono mirefu na kiti cha mbele darasani, maana jua humchoma ngozi na macho yake hayaoni mbali.

Haya yote ni rahisi kuyanena wakati nyumba ina amani. Tumemfahamu mwalimu mmoja wa kanisa, jina lake twaliacha, aliyefiwa na mtoto wa miaka mitatu kwa homa ya malaria. Alimpeleka hospitali, akaambiwa amechelewa siku moja. Kabla matanga hayajaondoka, ndugu zake walikuja na habari kwamba kuku amekwisha kupasuliwa, na amemwonyesha mama yao mzazi. Walimtaka yeye aliye mkubwa amfukuze mama, "kabla watu wengine hawajaja usiku." Hawakuwa watu waovu, walikuwa na hofu, na mmoja wao alikuwa akilia.

Mwalimu aliwaambia, "Mtoto wangu aliumwa na mbu, na mimi niliyasikia maneno ya daktari kwa masikio yangu. Atakayemjia mama atanikuta mimi mlangoni." Akahamisha kitanda chake, akalala sebuleni miezi miwili. Akaenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, akatoa habari mapema, jambo ambalo twawasihi walimu wote wenye shida kama hii walifanye. Wajomba wawili wakaacha kumsalimu. Wanafunzi wa katekisimu wakapungua.

Siku ya kuondoa matanga alimwomba mama yake agawe chakula kwa mkono wake. Watu wakatazamana. Mwalimu akapokea sahani ya kwanza, akala mbele ya wote mpaka ikaisha. Mzee wa kanisa akapokea ya pili, kisha wachache wengine. Mke wa mwalimu hakula siku ile, wala mumewe hakumkemea, maana yeye ndiye aliyembeba mtoto yule tumboni.

Tulipowatembelea miezi minne baadaye, mama mkwe alikuwa akirudi kisimani. Mkwewe alitoka jikoni, akampokea ndoo kichwani, akaitua mlangoni. Hawakusemezana. Kisha tuliwasikia wote wawili ndani wakichambua mchele.