Kamera Ihesabuyo Watu: Je, Yaweza Kutuepusha na Mkanyagano?

Wahenga walinena kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Mimi siwapingi wahenga, lakini mwaka jana niliona kwa macho yangu mahali penye wengi pakitaka kuharibika.

Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu wa miaka minane kwenye tamasha, katika uwanja mmoja ambao sitautaja jina. Shughuli ilipokwisha, lango lililofunguliwa lilikuwa moja tu. Sisi tuliokuwa nyuma tulisukuma, maana tulidhani walio mbele wanajikokota kwa uvivu. Kumbe walio mbele hawakuwa na pa kwenda! Ghafla nikahisi kifua kimebanwa, miguu haikanyagi chini sawasawa, na mkono wa mdogo wangu unaniponyoka. Mzee mmoja ndiye aliyemnyanyua akamweka begani mpaka tukatoka. Tulifika nyumbani Utange salama, mdogo wangu akiwa na ndara moja. Mama akauliza, "Na ya pili iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo swali moja limenikaa kichwani: je, hapakuwa na njia ya kujua mapema kwamba lango lile limezidiwa? Niliuliza, nikasoma, na leo nawaletea niliyoyapata.

Umati huua vipi?

Magazeti hupenda kusema "mkanyagano", nasi hufikiri kwamba watu hufa kwa kukanyagwa. Ukweli ni kwamba wengi hufa wakiwa wamesimama. Hubanwa kifuani hadi mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka, pumzi ikakatika. Mhandisi Mmarekani John Fruin, katika maandishi yake ya 1993, alieleza kwamba watu wakifikia kama saba katika kila mita mraba moja, umati huacha kuwa watu mmoja mmoja na kuanza kwenda kama maji. Wimbi likipita humchukua mtu bila hiari yake, hata viatu vikamtoka. Niliposoma hapo nikaikumbuka ile ndara.

Ili nisiwe mtu wa kuamini tu, nilichora kwa chaki mraba wa mita moja kila upande kwenye sakafu ya bwalo, nikawaomba wenzangu wa Kidato cha Kwanza waingie. Wawili walizunguka watakavyo. Wanne waligusana mabega, wakacheka. Walipofika sita, niliangusha sarafu ya shilingi kumi katikati na hakuna aliyeweza kuinama kuiokota. Kicheko kilikwisha. Mwalimu mlezi wetu akasema, "Basi, wa saba haingii." Nami sikubisha.

Hapa kwetu tunayajua

Likoni kwenye kivuko hupita watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na kila mmoja ana haraka yake. Shangazi yangu anayeishi Mtongwe hawezi kuzungumzia feri bila kuitaja Aprili 29, 1994. Asubuhi hiyo MV Mtongwe, iliyokuwa na uwezo wa kubeba abiria 300, iliondoka ikiwa na watu wapatao 400. Ilipinduka karibu na nchi kavu, na watu 272 wakapoteza maisha, wengi wao wakienda zao kazini. Mia nne toa mia tatu ni mia moja. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Iliyokosekana ni idadi yenyewe, na mtu wa kusema "imejaa, funga".

Wala tusidhani haya ni ya bahari pekee. Februari 3, 2020, wanafunzi wasiopungua 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walifariki kwenye ngazi walipokuwa wakishuka jioni kurudi nyumbani. Hawakuwa kwenye tamasha wala mechi. Walikuwa wanafunzi kama sisi, kengele imelia.

Kompyuta huhesabu vipi?

Kuhesabu umati kwa macho si mchezo. Siku moja watatu sisi tulisimama ghorofani tukawahesabu wanafunzi waliokuwa wakitoka gwarideni. Mmoja alipata 212, mwingine 187, na mimi nikasalimiwa na rafiki nikasahau nilipofika.

Kamera ya kawaida haihesabu chochote. Inaonyesha tu, na mlinzi mbele ya viwambo ishirini huchoka. Siku hizi kamera huunganishwa na programu ya kompyuta inayoichambua picha. Programu hiyo hufunzwa kwanza kwa kuonyeshwa maelfu ya picha za umati ambazo watu wametia alama kwenye kila kichwa. Baada ya kuona vichwa vingi mno, hujifunza kichwa kinavyofanana kikiwa karibu na kinavyofanana kikiwa mbali kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo sehemu mojawapo ya ile inayoitwa akili mnemba.

Watu wakiwa wachache, programu huhesabu mmoja mmoja. Wakisongamana, hukadiria kila kipande cha picha kimejaa kiasi gani, kisha hujumlisha. Mafundi huwa wamekwisha kuipimia uwanja, kwa hiyo inajua kipande hiki cha picha ni mita ngapi za ardhi. Ikigawanya watu kwa mita, inapata ile hesabu yangu ya chaki: wangapi katika kila mita mraba. Halafu hulinganisha picha moja na inayofuata, ikaona watu wanakwenda upande gani na kwa kasi gani. Sehemu yenye nafasi inaweza kupakwa kijani kwenye kiwambo, inayojaa manjano, na ya hatari nyekundu.

Video imewahi kufunua nini?

Januari 12, 2006, mahujaji wasiopungua 346 walifariki Mina, kwenye Daraja la Jamarat. Baadaye wataalamu, miongoni mwao Dirk Helbing na Anders Johansson, walizichambua video za siku hiyo kwa kompyuta. Waligundua kwamba kwanza watu walitembea vizuri, kisha mwendo ukawa wa simama-nenda, simama-nenda, na mwisho umati ukayumba huku na huku kama bahari iliyochafuka. Kati ya dalili ya kwanza na msukosuko wenyewe ilipita karibu nusu saa. Nusu saa! Ni muda wa kutosha kufunga njia ya kuingilia na kufungua ya kutokea. Umati ulikuwa unasema, ila hakuna aliyeisikia lugha yake.

Mjini Seoul, Korea Kusini, Oktoba 29, 2022, watu 159 walifariki katika kichochoro cha Itaewon. Saa kadhaa kabla, wananchi walikuwa wamewapigia polisi simu wakilalamika kwamba wanabanwa. Mwaka uliofuata mji huo uliweka kamera zinazopima wenyewe idadi ya watu kwa kila mita mraba na kupeleka tahadhari kwa wasimamizi, polisi na wazima moto.

Lakini ngojeni kidogo kabla ya kupiga makofi. Mina ilikuwa na kamera kwa maelfu Septemba 24, 2015, na siku hiyo hiyo mahujaji 769, kwa hesabu ya serikali ya Saudia, walifariki pale makundi mawili yalipokutana kwenye njia panda. Kamera ni jicho, bwana, si mkono. Ikiwa tahadhari inalia na mwenye ufunguo wa lango yuko kwenye chai, au anaogopa kumkasirisha mkubwa wake, tutakuwa tumenunua jicho la kutazamia msiba.

Jambo jingine ni siri zetu. Kamera hiyo hiyo inayohesabu vichwa yaweza kufanywa itambue nyuso: nani alikuja, na nani. Haya ni mambo mawili tofauti. Ili kujua kwamba lango limezidiwa, hakuna haja ya kujua jina la mtu hata mmoja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hivyo kamera ikiletwa, tuulize: inahesabu tu, au inatutambua? Picha zinakaa kwa muda gani? Tena kofia, miavuli, giza na mizigo ya kichwani huikanganya programu, kwa hivyo mlinzi mwenye macho bado anahitajika.

Sisi tufanye nini?

Kabla sijatia nanga, nirudi kwenye lile lango. Nimegundua kwamba aliyekuwa akimbana mdogo wangu nilikuwa mimi pia, pamoja na wenzangu wa nyuma. Hatukuwa wabaya, hatukuwa tukiona mbele. Kamera ni ya kumpa wa nyuma habari za mbele, na habari hiyo hata sisi tusio na kamera twaweza kuipitisha. Bwalo letu lina mlango wa mbao mbili, na kila siku hufunguliwa mmoja. Tuufungue wote. Kiranja asimame juu ya ngazi akitazama, si chini akifoka. Na ukiona wa mbele yako amesimama, usisukume. Simama, uinue mkono, umwambie wa nyuma yako asimame. Haigharimu hata senti moja.

Mdogo wangu amenunuliwa ndara mpya. Si kila nyumba iliyopotewa na kitu kwenye umati hubahatika kukinunua tena.