Chombo Kinachokalia Hewa: Jinsi Hovakrafti Inavyoundwa

Aliyewahi kuvuka daraja la Kirumi akitoka Musoma kwenda Tarime ameyaona mafunjo yalivyotanda kando ya Mto Mara. Kwenye matope ya namna ile mtumbwi hukwama na mwenye miguu huzama. Hovakrafti hupita juu ya matope, maji ya kina kifupi na hata magugu maji yaliyolala. Mafunjo marefu kuliko mtu, hayo yataizuia, tusidanganyane.

Hovakrafti hukaa juu ya mto wa hewa (mto wa kulalia, siyo Mto Mara). Feni husukuma hewa chini ya chombo, hewa ikakosa njia rahisi ya kutoka, ikakinyanyua. Mwingereza Christopher Cockerell alilijaribu jambo hili mwaka 1955 kwa makopo mawili, moja ndani ya jingine, akipuliza hewa katikati yao juu ya mizani. Tarehe 25 Julai 1959 chombo kikubwa kiitwacho SR.N1 kilivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mwaka 1969 kingine, SR.N6, kilipita mito ya Senegal na Niger hadi Ziwa Chad.

Wengi hudhani yahitajika nguvu kubwa mno. Hebu tupige hesabu. Chukua duara la plaiwudi lenye upana wa sentimeta 120. Eneo lake ni mita za mraba 1.13. Mwanafunzi wa kilo 60 pamoja na ubao, kiti na mashine vya kilo 15 ni kilo 75. Gawanya, utapata kama kilo 66 kwa kila mita ya mraba, yaani gramu 6.6 tu kwa sentimeta ya mraba. Tairi la baiskeli hubeba shinikizo kubwa kuliko hilo mara mia kadhaa!

Basi uwe Bunda ama Butiama, mbali na ziwa au karibu, sakafu laini ya darasa yatosha. Tandika nailoni nzito chini ya duara, ukunje kingo zake juu na kuzibana kwa misumari midogo na tepu, ukiiachia ilegee kidogo. Katikati, upande wa chini, ibane kwa kifuniko cha ndoo na bolti. Kuzunguka kifuniko hicho toboa matundu sita ya upana wa sentimeta 5. Toboa tundu jingine kwenye ubao, uingize mdomo wa blowa kama ile ya mafundi kompyuta, na uzibe pembeni. Nailoni itavimba, hewa itatoka kwenye matundu na kuteleza chini yake. Mwenzako akikusukuma kwa kidole utakwenda. Sakafu iwe kavu, maana waya wa umeme na maji havipatani.

Asiye na umeme abandike kizibo chenye tundu katikati ya sidii kuukuu, avike puto lililojaa hewa juu yake. Kanuni ni ileile.

Ukiipeleka kwenye nyasi za uwanjani, haitatembea. Kwa nini? Blowa ndogo hutoa kama mita za ujazo 3 za hewa kwa dakika, na hiyo hutosha kujaza upenyo usiofika milimeta 1 kuzunguka ubao. Nyasi na mawe huacha upenyo wa sentimeta nzima, hewa ikakimbia. Hapo ndipo inapotakiwa injini ya petroli, feni pana na sketi ya turubai inayofuata mabonde ya ardhi.

Ziwani ni mambo mengine kabisa. Hewa ileile ya gramu 6.6 huchimba kishimo cha sentimeta 6.6 majini, na chombo kikianza kwenda hulazimika kwanza kukipanda kiwimbi chake chenyewe. Injini ikizimika, mto wa hewa hutoweka palepale. Ubao usio na povu la kuelea ndani yake huzama na aliyeukalia. Breki hakina. Upepo wa mchana ukivuma kutoka ziwani, hukipeleka ubavu mzima, kwa kuwa hakuna kitu kilichogusa maji kukizuia. Kwa hiyo ubao wa darasani usipelekwe ufukweni hata kwa mzaha, na atakayeunda cha majini avae jaketi okozi na aandamane na mtumbwi wenye makasia.