Kufuma Vivuli: Habari za Mtande na Mshindio

Mara nyingi tumeulizwa kwa nini watu wa Usumbwa na Unyamwezi, ambao hapo kale walifuma nguo zao wenyewe kwa pamba yao wenyewe, hawakufikia kufuma maua na sura za watu kama zilivyo katika nguo za Sham, za Uajemi na za Ulaya. Aulizaye hivyo kwa kawaida amekwisha kujijibu moyoni, naye hudhani jibu ni ujinga wa wazee. Sisi twaona jibu hilo ni la haraka, na kwamba halitoki kwa mtu aliyepata kukaa mbele ya kitanda cha kufumia. Kwa hiyo yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, ndipo tuhukumu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa siku hizi yamechanganyika sana. Kushona ni kazi ya sindano; kusuka ni kazi ya ukili, nywele na kamba; kufuma ni kupitisha uzi kati ya nyuzi. Neno kufuma limetwaliwa hata kwa vitambaa vya kulabu vinavyowekwa juu ya viti, wala hatuna ugomvi na jambo hilo, maadamu maana ya kwanza haisahauliwi. Nyuzi zinyoshwazo kwa urefu ni mtande, neno la ukoo mmoja na kutanda, na kitanda, na utando wa buibui. Uzi upitao kwa mapana ni mshindio, na jina lake lalingana na kazi yake, maana baada ya kupitishwa hushindiliwa kwa ubao hata ukae imara. Mwenye kushika maneno haya mawili ameshika nusu ya habari.

Burton alipopita Unyamwezi katika mwaka 1857 na 1858 aliona watu wakifuma, akaandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Ufipa nako kazi hiyo ilikuwa na sifa. Kitanda cha namna hii ni chepesi: miti miwili imefungwa mbali kwa mbali, mtande umevutwa kati yake, na fimbo moja yenye vitanzi imeshika kila uzi wa pili. Fimbo ikiinuliwa, nyuzi nusu hupanda na nusu hubaki chini, na kati yake hufunguka njia ya mshindio. Ikishushwa, hufunguka njia ya pili. Basi mfumaji ana njia mbili tu. Kwa njia hizo mbili aweza kufanya nguo nyeupe, na akiwa na uzi mweusi aweza kufanya milia na miraba. Lakini ua hawezi, isipokuwa aokote nyuzi kwa vidole, moja moja, katika kila mstari.

Kitanda cha kamba, kilichotumika China tangu zamani sana, kisha Uajemi, na baadaye Italia na Ufaransa, kiliondoa uzito wa vidole kikauweka mahali pengine. Kila uzi wa mtande, au kila kifungu cha nyuzi chache, hupita katika kitanzi chenye kamba yake, na chini yake hutundikwa uzani wa kuurudisha. Kamba hizo hupanda juu ya kitanda na kushuka ubavuni, ambako husimama kijana. Yeye huvuta kamba za mahali panapotakiwa ua, na mfumaji hukaa mbele akikanyaga vikanyagio vya nguo ya chini na kurusha mshindio. Ni kazi ya watu wawili wenye shauri moja. Kijana akikosea kamba moja, kosa lake laonekana katika nguo milele.

Vivuli navyo hupatikanaje? Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na msomaji atuvumilie tukihesabu. Chukua mtande mweupe na mshindio mweusi. Hesabu nyuzi tano za mtande. Mshindio ukipita juu ya nne na chini ya moja, macho yaona weusi karibu mtupu. Ukipita juu ya tatu na chini ya mbili, ni weusi uliofifia. Juu ya mbili na chini ya tatu, ni kijivu cheupe. Juu ya moja na chini ya nne, karibu weupe mtupu. Umekwisha pata daraja nne za rangi wala hukutia rangi yoyote. Nyuzi ni zile zile mbili. Kwa hesabu ya nyuzi nane hupatikana daraja saba. Mwenye kufuma uso wa mtu huteremka ngazi hizo kutoka paji la uso lenye mwanga mpaka chini ya kidevu.

Lakini ngazi hizo zina gharama. Ua lisilo na kivuli, lenye ukingo mkali, kijana huvuta kamba zake mara moja, akazishika hata mishindio kadha ipite. Kivuli hakikubali hivyo. Mahali uzi unapofungwa hapana budi pahame kila mstari, ama nguo itapasuka mistari mistari. Na kila daraja ina mahali pake. Hivyo katika kila mshindio kamba ni nyingine. Tunapata kusikia watu wakisifu jicho la fundi wa nguo hizo, nasi twalisifu pia, ila tungependa mkono wa kijana usisahauliwe.

Ushahidi wa gharama hiyo upo. Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, katika mwaka 1804, alitengeneza mtambo uliomwondoa kijana na kuweka kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Kila kadi hushika shauri la mshindio mmoja. Mwaka 1839, miaka mitano baada ya kufa kwake, ilifumwa picha yake ya hariri nyeupe na nyeusi, yenye vivuli vizuri hata watu walidhani ni picha ya chapa. Kadi zake zilikuwa kama 24,000, kwa picha moja. Ebu fikiri kijana mwenye kamba angesimama siku ngapi.

Sasa turudi kwetu. Katika pwani watu hawakukosa akili ya rangi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zake zilipelekwa mpaka Misri. Duarte Barbosa, Mreno, aliandika mwanzo wa karne ya 16 kwamba watu wa Sofala walifuma pamba nyeupe, na kwa kuwa hawakujua kuitia rangi, walizifumua nguo za buluu za Cambay na kuzifuma tena pamoja na uzi wao mweupe. Pate walijulikana kwa hariri. Unguja mafundi walifuma taraza, yaani pindo za rangi, katika ncha za nguo zilizotoka nje. Mtu afumuaye nguo nzima ili apate uzi wa buluu hawezi kuitwa mvivu wa kufikiri.

Kwa maoni yetu lililozima kazi ya bara halikuwa ujinga bali ni bei. Tangu miaka ya 1830 merikani ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, nayo ikapanda na misafara hata Usumbwa. Nguo hii ilikuwa fedha: doti yake, mikono minane, ilipokewa kwa hongo, kwa posho na kwa pembe. Nguo ya mfumaji wa kijijini ilimfunika mtu, lakini haikununua kila kitu kila mahali. Mfumaji aliyetumia siku nyingi kwa shuka moja angeanzaje kumlisha kijana wa kuvuta kamba? Kazi ya vivuli yataka mfalme au tajiri wa kuilipa mbele, na Wasumbwa wenye mali walitia mali yao katika safari za shaba ya Katanga, kama alivyofanya Msiri, aliyejifanyia ufalme huko hata alipouawa mwaka 1891. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928, pamba ya nchi ikasafirishwa nje kama pamba, ikarudi nguo. Hata leo mkulima wa Masumbwe aweza kuuza pamba yake na kununua kitenge siku ile ile, wala asione uzi wowote katikati.

Na kitenge hicho, tuseme kwa ajili ya wale wanaobishana sokoni, maua yake hayakufumwa. Yamepigwa chapa juu ya nguo. Igeuzwe nguo: iliyopigwa chapa mara nyingi huonyesha nyuma ua lile lile, pengine limefifia. Iliyofumwa kwa namna tuliyoeleza huonyesha kinyume, penye weusi pana weupe. Hata kitambaa cheupe cha meza chenye maua meupe ni hivyo. Maua yake ni nyuzi zilizolala upande mwingine, na mwanga huziangukia kwa namna nyingine.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto jambo hili hahitaji mtambo. Apige misumari katika ubao, avute nyuzi nyeupe ishirini, azigawe mafungu manne ya nyuzi tano tano. Achukue uzi mweusi na sindano butu. Mstari wa kwanza, sindano ipite chini ya uzi wa kwanza wa fungu la kwanza, chini ya nyuzi mbili za mwanzo katika fungu la pili, tatu katika la tatu, nne katika la nne. Zilizobaki ipite juu yake. Mstari wa pili aanze hesabu katika uzi wa tatu wa kila fungu, kisha wa tano, kisha wa pili, kisha wa nne. Akifika mwisho wa fungu arudie uzi wa kwanza wa fungu lile. Baada ya mistari mitano arudi mwanzo. Ikifika thelathini, mishindio ikishindiliwa vema, na autegemeze ubao ukutani, arudi nyuma hatua sita, awaulize watoto wanahesabu rangi ngapi.