Mkanda wa Mashine ya Kusaga: Usilegee, Usikazwe Kupita Kiasi

Mashine nyingi za kusaga mahindi hutumia mikanda ya mpira kupeleka nguvu kutoka kwa mota au injini ya dizeli hadi kwenye kinu. Mkanda uliolegea huteleza kwenye puli, hupiga kelele na kupata joto. Unga hutoka polepole huku umeme au dizeli ikiendelea kuliwa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi nao huvuta shafti na kuharibu beringi.

Wenye mashine wanashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Zima mashine, kata umeme kwenye swichi kuu na usubiri puli zisimame kabisa. Hakikisha hakuna mtu anayeweza kuiwasha ukiwa kazini.

2. Tumia uzi au ubao ulionyooka kuhakikisha puli zote mbili zimelingana. Puli zikipishana, mkanda huliwa upande mmoja.

3. Legeza bolti za mota na uisogeze karibu na kinu ndipo uvishe mkanda. Kuulazimisha kwa bisibisi hukata nyuzi zake za ndani.

4. Rudisha mota nyuma, kisha bonyeza mkanda katikati ya puli mbili kwa nguvu inayopendekezwa na mtengenezaji. Ubonyee takriban milimita 16 kwa kila mita 1 ya umbali kati ya puli. Umbali ukiwa sentimita 60, ni karibu milimita 10.

5. Zungusha puli kwa mkono mara kadhaa, pima tena, kisha kaza bolti.

Mkanda mpya hunyooka, kwa hivyo upimwe tena baada ya saa 24 hadi 48 za kazi. Mashine yenye mikanda miwili au zaidi ibadilishiwe yote kwa pamoja, kwani ya zamani huwa imenyooka na mpya hubebeshwa mzigo wote. Mkanda unaoteleza usipakwe grisi wala oili, huharibu mpira.

Baada ya kazi, kifuniko cha mkanda kirudishwe kabla ya mashine kuwashwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hizo zizingirwe. Leso, mkono wa shati au kidole kikinaswa, hakuna muda wa kuzima mashine.

Wakazi wanaopeleka mahindi kusagwa wanahimizwa kusimama mbali na mkanda ulio wazi, kuwazuia watoto kuukaribia na kumtaka mwenye mashine aufunike.