Snapshoti peke yake siyo bekapu

Chukulia ofisi ya Msalato, Dodoma, ambayo kazi zake zote ziko kwenye seva moja. Mfumo wa mafaili kama ZFS hupiga snapshoti, yaani picha ya mafaili yalivyo wakati huo. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, unakirudisha. Lakini diski ikifa, snapshoti nazo zimekwenda.

Ndiyo maana zinatumwa kwenye seva nyingine, tuseme Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Mara ya kwanza inaenda data yote; baada ya hapo ni mabadiliko tu, bando haliishi ovyo.

Jambo la kuzingatia: seva ya Dar ndiyo ije kuchukua, siyo ya Msalato kupeleka. Mdukuzi akiingia Msalato, hatakuta ufunguo wa kufuta nakala za Dar.

Kisha kila mwezi jaribu kurejesha faili moja.